Gita za plastiki: namna biashara ya dola bilioni moja ilivyozimika ndani ya miaka sita

Tarehe 9 Februari 2011, kampuni ya Marekani inayoitwa Activision iliwaambia wawekezaji wake kwamba inafunga kitengo chake cha Guitar Hero, mchezo wa video unaochezwa kwa gita ya plastiki. Katika mpango huo kampuni ilipunguza wafanyakazi wapatao 500. Habari hiyo ilishangaza wengi, kwa sababu miaka miwili tu nyuma, mnamo Januari 2009, kampuni hiyohiyo ilikuwa imejisifu kwamba toleo moja la mchezo huo, Guitar Hero III, limevuka mauzo ya dola bilioni moja.

Katika miji mingi ya Kongo, vijana wanaijua PlayStation hasa kwa mpira wa miguu. Michezo ya gita haikuenea huku, maana sanduku lake lilikuwa kubwa na bei yake ilikuwa juu. Lakini nchi ambayo inapenda gita kama Kongo ina sababu ya kuijua historia hii. Ni historia ya muziki, na pia ya feza, ya mikataba, na ya swali ambalo wanamuziki wa kila mahali huuliza: wimbo ukileta utajiri, nani anakula?

Mchezo wenyewe uko namna gani

Mchezaji anavaa gita ndogo ya plastiki isiyokuwa na nyuzi. Kwenye shingo ya gita kuna butoni tano za rangi: kijani, nyekundu, manjano, buluu na ya machungwa. Pale ambapo mpiga gita wa kweli angepiga nyuzi, kuna kipande kirefu cha plastiki kinachosukumwa juu na chini kwa kidole gumba. Kwenye televisheni inaonekana kama barabara inayomjia mchezaji, na juu yake alama za rangi zinateremka kwa kufuata wimbo. Alama ya kijani ikifika mstari wa mwisho, mchezaji abonyeze kijani na kusukuma kile kipande wakati huohuo.

Akipatia, sauti ya gita inasikika kama ilivyo katika wimbo. Akikosea, sauti ya gita inakatika huku ngoma na mwimbaji wakiendelea, na watu wote waliomo nyumbani wanajua nani ameharibu. Akizidi kukosa, watazamaji wa kuchorwa wanaanza kuzomea na wimbo unasimamishwa. Hiyo ndiyo siri ya mchezo. Mchezaji hatungi chochote, lakini masikio yake yanamwambia kwamba wimbo unategemea mikono yake.

Mwanzo wake: Japani na Boston

Wazo hilo halikuanzia Marekani. Mwaka 1996 Japani ilitoa PaRappa the Rapper, mchezo wa Masaya Matsuura, ambamo mbwa wa kuchorwa anajifunza kurap na mchezaji anabonyeza maneti, kile kifaa cha kushika mikononi, kwa kufuata mapigo. Mwaka uliofuata kampuni ya Konami iliweka katika kumbi za michezo mashine ya Beatmania, yenye funguo na sahani ya kuzungusha kama ya didjei. Ikafuata Dance Dance Revolution mwaka 1998, inayochezwa kwa miguu, kisha GuitarFreaks na DrumMania mwaka 1999. Gita ya GuitarFreaks ilikuwa na butoni tatu tu.

Kampuni nyingine za Japani hazikukaa kimya. Sega ilitengeneza Samba de Amigo, mchezo wa manyanga ya kutikiswa. Namco ilileta Taiko no Tatsujin mwaka 2001, ambamo mtu anapiga ngoma kubwa ya Kijapani kwa fimbo mbili. Mwaka 2003 Nintendo ikatoa Donkey Konga, mchezo wa ngoma mbili za mkono. Jina hilo lina safari ndefu. Linatokana na ngoma ya Cuba inayoitwa konga, na wataalamu wengi hulihusisha neno hilo na watu wa Kongo waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Rumba ilirudi Kongo kwa sahani za santuri. Neno konga, lenyewe, lilifika mpaka katika mchezo wa nyani wa Kijapani.

Wakati huohuo, karibu na mji wa Boston, Marekani, vijana wawili waliosoma katika chuo kikuu cha MIT walikuwa wakihangaika na jambo lao. Alex Rigopulos na Eran Egozy walianzisha kampuni ya Harmonix mwaka 1995. Waliona kwamba kupiga muziki ni furaha kubwa, lakini watu wengi wanaoanza kujifunza chombo wanakata tamaa kabla ya kuifikia furaha hiyo. Walitaka kompyuta iwafikishe haraka.

Bidhaa yao ya kwanza, The Axe, ilimwezesha mtu kubuni milio ya gita kwa kutumia kishikio cha michezo ya kompyuta. Iliuzwa nakala kama 300 tu. Watu walicheza nayo dakika chache, wakaichoka. Michezo yao miwili iliyofuata, Frequency mwaka 2001 na Amplitude mwaka 2003, ilisifiwa na wahakiki lakini haikuuzwa sana. Walipata afueni kidogo na Karaoke Revolution, mchezo wa kuimba walioutengeneza kwa ajili ya Konami. Kwa miaka kumi, Harmonix iliishi kwa matumaini kuliko faida.

Ndugu wawili na gita moja

Mlango ulifunguliwa na kampuni ndogo ya California iliyoitwa RedOctane, ya ndugu wawili, Charles na Kai Huang. Walianza kwa kukodisha michezo ya video kwa njia ya intaneti. Baadaye wakatengeneza mikeka ya kuchezea Dance Dance Revolution nyumbani, kisha gita kwa ajili ya wapenzi wa GuitarFreaks. Walikuwa na gita, lakini Marekani haikuwa na mchezo wa nyumbani wa kuitumia. Basi wakaiendea Harmonix.

Bajeti ya mchezo ilikuwa karibu dola milioni moja, kiasi kidogo sana katika kazi hiyo. Kununua haki ya kutumia rekodi za asili za bendi kubwa kungemaliza feza yote. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilipigwa upya na wanamuziki wa studio, waliojitahidi kuiga sauti za wenyewe. Baadhi ya wenye maduka nao walikuwa na mashaka. Sanduku la gita linachukua nafasi ya michezo mingi ya kawaida, na nani atalipa dola 70 kwa mchezo mmoja?

Guitar Hero ilitoka Novemba 2005, na jibu lilikuja mapema. Watu waliijaribu dukani, umati ukakusanyika, na mmoja baada ya mwingine akataka zamu yake. Watu ambao hawakuwahi kushika maneti waliupenda, kwa sababu gita haihitaji maelezo. Mtu akiivaa tu anajua asimame vipi. Toleo la pili lilitoka Novemba 2006 na likauzwa zaidi.

Hapo wakubwa wakaja na feza. Katikati ya mwaka 2006 Activision ilinunua RedOctane kwa karibu dola milioni 100, na pamoja nayo jina la Guitar Hero. Miezi michache baadaye, MTV, iliyokuwa chini ya kampuni ya Viacom, ikanunua Harmonix kwa dola milioni 175. Hivyo waliotengeneza gita na waliotengeneza mchezo wakajikuta katika kambi mbili. Jina lilibaki upande mmoja, na mafundi upande mwingine.

Vita vya bendi mbili

Activision iliipa studio ya Neversoft kazi ya kutengeneza Guitar Hero III, iliyotoka Oktoba 2007. Safari hii feza ilikuwepo, na rekodi nyingi za asili zilinunuliwa. Bendi ya Uingereza Sex Pistols hata ilirudi studioni kurekodi upya wimbo wake wa miaka ya 1970. Wimbo mmoja mgumu kupita kiasi wa bendi ya DragonForce ukawa mtihani wa vijana duniani kote, na bendi hiyo ikapata wapenzi wengi ambao hawakuwahi kulisikia jina lake.

Mwezi mmoja baadaye Harmonix ilijibu kwa Rock Band. Humo hapakuwa na gita peke yake. Palikuwa na besi, mikrofoni ya mwimbaji, na zile ngoma za kupigwa kwa fimbo ambazo Kongo watu huita batri, zenye sehemu nne za kupigwa na kikanyagio kimoja. Watu wanne waliweza kuwa bendi kamili sebuleni. Sanduku zima liliuzwa dola 170. Batri hiyo ilikuwa karibu na kitu cha kweli, kwa sababu anayeweza kupiga nyimbo ngumu za mchezo tayari amejifunza kutenganisha mikono na mguu.

Mwaka 2008 Guitar Hero nayo ikaongeza batri na mikrofoni. Kila kambi ilitaka mteja anunue vyombo vyake. Mwanzoni, kwenye PlayStation 3, gita ya Guitar Hero III haikufanya kazi katika Rock Band, na mnunuzi aliyekuwa na gita nzuri nyumbani alilazimika kutafuta nyingine.

Tarehe 9 Septemba 2009 Harmonix ilifika kileleni. Siku hiyo ilitoka The Beatles: Rock Band, iliyotengenezwa kwa kibali cha Paul McCartney, Ringo Starr na familia za wenzao wawili waliofariki. Giles Martin, mwana wa mtayarishaji wa Beatles George Martin, alisimamia sauti. Ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu rekodi za zamani za bendi hiyo zilikuwa na vyombo kadhaa katika mkondo mmoja wa sauti, na mchezo unataka kila chombo kijitenge.

Nani anakula?

Kadiri feza ilivyoongezeka, malalamiko nayo yaliongezeka. Mwaka 2008 mkubwa wa Warner Music, Edgar Bronfman, alisema waziwazi kwamba kiasi ambacho michezo hiyo inalipa kampuni za muziki ni kidogo mno, wakati michezo yenyewe inategemea muziki wao. Bobby Kotick wa Activision hakukubali. Kwake, mchezo ulikuwa tangazo kubwa kwa mwanamuziki. Mfano wake ulikuwa Aerosmith, bendi iliyopewa toleo lake la Guitar Hero mwaka huohuo. Kotick alidai kwamba toleo hilo lilileta mapato makubwa kuliko albamu yoyote ya bendi hiyo.

Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 zilipata vijana wapya, na mauzo yake yakapanda. Wakati mwingine mchezo ulimpa msikilizaji sauti bora kuliko diski. Mwaka 2008 Metallica ilipotoa albamu Death Magnetic, wapenzi walisema toleo la ndani ya Guitar Hero lina sauti safi zaidi, maana diski ilikuwa imeongezwa nguvu mpaka sauti ikakwaruza. Lakini mwanamuziki aliyetajwa katika mkataba na mwanamuziki ambaye jina lake halimo hawakuwa sawa, na tangazo halilipi kodi ya nyumba.

Kesi zilifika mahakamani. Bendi ya The Romantics ilishitaki mwaka 2007, ikisema wimbo wake ulipigwa upya kwa kuiga sauti yake mpaka wasikilizaji wakadhani ni yenyewe. Ilishindwa, kwa sababu haki ya kuupiga wimbo upya ilikuwa imelipiwa. Kampuni ya gita Gibson ilidai kwamba mchezo unaiba uvumbuzi wake uliosajiliwa mwaka 1999. Nayo ikashindwa mwaka 2009.

Kesi ya No Doubt ilikuwa tofauti. Bendi hiyo ilikubali wanamuziki wake wachorwe katika Band Hero ili waimbe nyimbo zao. Mchezo ulipotoka, Novemba 2009, ikagundulika kwamba mchezaji anaweza kuwaimbisha watu hao nyimbo za wengine, hata kumfanya mwimbaji mwanamke atoe sauti ya kiume. Bendi ikashitaki, na shauri likamalizika kwa mapatano mwaka 2012. Miezi miwili kabla ya Band Hero, Guitar Hero 5 ilikuwa imefanya vilevile na sura ya Kurt Cobain, aliyefariki mwaka 1994 na ambaye hakuweza tena kusema ndiyo wala hapana. Wenzake wa Nirvana, Dave Grohl na Krist Novoselic, walieleza masikitiko yao hadharani. Ugomvi ulikuwa umehama kutoka kwenye wimbo hadi kwenye mwili: je, aliyeuza wimbo ameuza na sura yake?

Mwaka wa mafuriko

Mwaka 2009 soko lilifurika. Ndani ya mwaka huo mmoja Activision ilitoa Guitar Hero: Metallica, Guitar Hero: Smash Hits, Guitar Hero 5, Band Hero, DJ Hero yenye sahani yake ya plastiki, na Guitar Hero: Van Halen. Upande wa pili kulikuwa na Beatles na hata Lego Rock Band. Kwa macho ya mnunuzi, nyingi zilikuwa mchezo uleule wenye nyimbo tofauti.

Isitoshe, dunia ilikuwa katika msukosuko wa uchumi ulioanza 2008, na familia nyingi za Marekani zilipunguza matumizi. Tena, mtu aliyenunua gita na batri mwaka 2007 hakuhitaji nyingine. Alihitaji nyimbo tu, na nyimbo aliweza kuzinunua moja moja kwa intaneti. Faida kubwa ya kampuni ilikuwa katika masanduku, lakini nyumba zilikuwa zimejaa masanduku. Mwaka 2009 mapato ya michezo ya muziki Marekani yalipungua karibu nusu ukilinganisha na mwaka 2008.

Mwanzoni mwa 2010 Activision ilifunga RedOctane, kampuni iliyozaa gita yenyewe. Septemba mwaka huo ilitoa Guitar Hero: Warriors of Rock, na wanunuzi hawakuja. Harmonix nayo ilitoa Rock Band 3, iliyosifiwa sana kwa kuongeza kinanda na hali ya kujifunza vyombo vya kweli, hata kwa gita yenye nyuzi. Haikutosha. Desemba 2010 Viacom iliiuza Harmonix kwa wawekezaji. Taarifa za wakati ule zilisema bei haikufika hata dola 50, pamoja na madeni ambayo mnunuzi alikubali kuyabeba. Kampuni iliyonunuliwa dola milioni 175 iliuzwa kwa bei ndogo kuliko mchezo mmoja wa dukani. Wiki chache baadaye likaja tangazo la Februari 2011.

Kilichobaki

Mwaka 2015 kambi zote mbili zilijaribu kufufuka. Rock Band 4 na Guitar Hero Live zilitoka mwezi mmoja, Oktoba. Guitar Hero Live ilikuwa na gita mpya ya butoni sita, na nyimbo zake nyingi hazikuwa kwenye diski, zilipita kwa intaneti. Tarehe 1 Desemba 2018 kampuni ilizima mitambo hiyo. Mamia ya nyimbo yakatoweka kwa siku moja, na waliokuwa wamelipia wakabaki na zile chache za kwenye diski. Mad Catz, kampuni iliyotengeneza vyombo vya Rock Band 4, ilikuwa tayari imefilisika mwaka 2017.

Harmonix ilinusurika. Novemba 2021 ilinunuliwa na Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, na Desemba 2023 ikatoa humo Fortnite Festival, ambapo alama za rangi zinateremka kama zamani. Wapenzi wengine hawakusubiri kampuni yoyote. Walitengeneza Clone Hero, programu ya bure ya kompyuta, na wanatafuta gita za zamani zilizotupwa katika vyumba vya vitu chakavu. Plastiki ambayo maduka yalishindwa kuiuza mwaka 2010 sasa inagombaniwa.

Wanamuziki wengi wakongwe waliucheka mchezo huu, wakisema afadhali kijana ajifunze gita ya kweli. Wana haki kwa upande mmoja, maana butoni tano hazimfundishi mtu kutafuta sauti kwenye nyuzi. Lakini Rigopulos na Egozy hawakuahidi kutoa wapiga gita. Waliahidi kumwonjesha furaha mtu asiyejua, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Haikufa kwa sababu watu wameichoka. Ilizikwa na wauzaji waliodhani mtu aliyefurahi mara moja atalipa kila baada ya miezi mitatu ili afurahi vilevile.

Kwa Kongo, ambako malalamiko ya wanamuziki juu ya haki za watungaji ni ya zamani, somo lingine liko katika kesi zile. Waliopata faida ya kudumu hawakuwa lazima wapigaji hodari. Walikuwa wale walioandika katika mkataba wimbo utumike wapi, kwa muda gani, na nani ana ruhusa ya kutumia sauti na sura ya mwenyewe. Gita za plastiki zimepita. Karatasi zilizotiwa sahihi ndizo bado zinafanya kazi.